Chuo cha Wapinzani

Shoga, upo? Baba kanirushia kompyuta. KOMPYUTA, shoga!

Si unajua nimekuwa nikilinganisha vyuo vya hapa Alabama, nipate shahada ya masomo mseto, ile ya kuunganisha uuguzi nilioukatiza na uhasibu? Mdomo uliponza kichwa. Nimetangaza leo, siku ya mpira wa vyuo, timu ya chuo tunachoshabikia iko uwanjani, sebule imejaa wajomba.

"Cha bei nafuu kuliko vyote ni cha wapinzani wetu."

Baba akageuka polepole. "Cha nani?"

"Cha wapinzani, Baba. Nusu ya bei."

"Nimekulea nyumba hii uje uvae rangi zao?"

Rangi zao! Mimi naongelea ada!

Akainyakua kompyuta yangu mapajani. Nikainama. Ikapita juu ya kichwa changu ikapasua televisheni, na timu yetu ilikuwa inakaribia kufunga!

Halafu mjomba Hoyt akamtandika Baba ngumi ya pua. Damu mpaka kwenye nyama choma ya mbavu mezani. Sasa hivi wajomba wote wako juu yake, viti vinaruka.

Mama kanivutia jikoni, kanipa simu yake.

"Acha wauane," kaninong'oneza. "Wewe jisajili."