Mtutu Nilioufupisha

Karakana ya Marehemu Baba,
Jumanne, 12 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Kimbaumbau,

Hujambo? Mgongo je? Unakula? Mimi na Mama hatujambo, ila huu ni mwezi wa tatu hujaandika, nami nimenuna. Kalamu si gunia la mahindi.

Bunduki ya marisau uliyoachiwa na Baba iko tayari. Ulilalamika kwamba mtutu mrefu unakuvuta mbele na kukuchosha, na kwa mikono ile ya njiti nilikuamini. Nimeupunguza inchi nne, kibali ninacho. Sasa unainuka upesi begani, lakini hautulii ukimfuata ndege anayeruka. Mrefu hujibeba wenyewe, mfupi hukurupuka. Utazoea.

Unakumbuka Baba alivyoilaza kila bunduki juu ya kidole kimoja, akakwaruza alama pale ilipotulia? Nami nilifanya hivyo, nimeelekea dirishani. Uzito umerudi nyuma kuelekea kitakoni, vidole viwili kutoka alama yake, kama inavyopasa. Nikakwaruza yangu.

Ijumaa niliipima tena, safari hii nimeelekea mlangoni. Ikainamia mbele. Ikakataa alama yangu, ikatulia kwenye ya Baba. Nikageukia dirisha, ikarudi kwangu. Nimechungulia mtutuni, hamna kitu. Kile kipande nilichokikata kipo hapa mezani, hakijaenda popote. Naogopa, sikufichi.

Jana mchana niliiweka begani, tupu, nikaielekeza pale mlangoni ulipozoea kuegemea ukinitania. Ncha ikashuka polepole, vilevile kama Baba alipokuwa akiikandamiza kwa vidole viwili tulipokuwa tunajifunza, mmoja wetu akikatiza mbele, isimlenge.

Nilimwita Mama aione. Aliutazama ule mlango mtupu kwa muda mrefu.

"Baba yako hakuishusha bunduki bure," akasema. "Muulize mdogo wako kama yu mzima."

Basi nakuuliza, na safari hii si salamu tu. U mzima? Niandikie upesi, hata mstari mmoja, kwa mwandiko wako mwenyewe.

Shangazi anakusalimu, na jirani seremala pia. Msalimie mkeo, umbusu mtoto. Mungu akufunike popote ulipo.

Mlango wa karakana siufungi tena. Kama ni wewe, mdogo wangu, usisimame hapo kizingitini. Ingia.

Wako akupendaye,
Dada yako, fundi.