Hakuna Benchi la Kufilisika

Dada yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa jina la Mwenyezi Mungu, ambaye mpaka leo hajachoka kutupa pumzi. Mgongo wako unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua umeimaliza, au umeiweka kabatini kama kawaida yako? Shemeji naye, bado anabishana na redio? Waambie watoto mama yao mdogo anawakumbuka kila anapopiga magoti. Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Moyo ndio unaochechemea.

Ujumbe wako nimeupata kupitia kwa yule binti fundi cherehani. Alinieleza huku macho yake yako kwenye sindano, kwamba umesikia tanuri letu la mikate limefungwa, na kwamba mume wangu ameonekana kwa wakili akitafuta talaka. Ukasema nifungashe nguo zangu nije kwako kabla sijatolewa nje kama paka, kwamba kuna chumba. Asante sana, dada. Lakini punguza hasira, kaa, unisome mpaka mwisho. Yote mawili uliyosikia ni kweli, na bado hujaambiwa kitu.

Nianze na tanuri. Tangu lile duka kubwa la kituoni lianze kuuza mikate iliyokatwa tayari, laini kama godoro jipya, wateja wetu waliondoka mmoja mmoja bila kuaga. Tulibaki tukiokea mazoea. Mikate iliyolala tulimpa mfugaji wa jirani, na kuku wake walinenepa hata akawa anatusalimia kwa aibu. Mwenye kinu cha unga akatukatia mkopo, benki nayo ikaanza kutuma watu wenye mafaili. Shemeji yako akawa mkimya. Wewe unamjua, mtu wa kuimba huku anakanda. Siku hizo alikanda kama anayefua nguo za mtu mwingine.

Mwalimu wa darasa letu la Biblia ndiye aliyenidokeza kwamba kuna sheria ya mtu aliyefilisika: unakwenda mahakamani, unasema hali yako wazi, na wadai wanaacha kukugongea mlango. Akasema lakini usiende peke yako, tafuta wakili. Nikaamua nisimwambie mzee wangu. Niliona amebeba vya kutosha. Nilitaka nimletee jambo hilo likiwa tayari limeiva, yeye aje kula tu.

Sasa hapa kwetu mawakili ni wawili. Wa kwanza alinipokea vizuri, akasifu mikate yangu, halafu akaniomba radhi. Yeye ndiye wakili wa mwenye kinu, na zile barua za kututisha tunazopokea ni yeye anayeziandika. Akaniambia nisizichukulie moyoni. Nikamwambia nimeshazichukulia.

Akabaki yule tunayemwita Wakili Miwani, ofisi yake iko juu ya duka la dawa. Ile ngazi inaonekana na mtaa mzima. Ukiipanda asubuhi, mchana watu wanajua umeipandia nini. Nikajaza kikapu mikate, nikapanda nacho kama ninayepeleka oda. Dada, utacheka. Waliokuwa wakisubiri mle ndani walikuwa na njaa. Waliinunua yote. Nilikwenda kutafuta wakili wa kufilisika nikafanya mauzo ambayo wiki hiyo sikuwa nimeyaona.

Karani wa pale ni binti aliyekulia mkabala na tanuri letu. Ana utaratibu wake: watu anawakalisha kwa mashauri yao. Wa ardhi wanakaa kwenye benchi la ukutani, wa talaka kwenye viti vya dirishani, ili wakili akitoka ajue anayemwita ana shida gani. Akaniuliza kwa sauti ile ile ya utotoni, ya kuita ng'ambo ya barabara, Mama Mikate umekuja kwa lipi. Nikamnong'oneza. Hakusikia. Nikamnong'oneza tena, naye akalirudia lile neno hata wa ngazini wakalisikia. Kisha akatazama huku na huku, akaniambia kwa huruma kwamba kufilisika hakuna benchi, maana hajawahi kuja mtu. Mzee mmoja wa ardhi, mkate wangu mdomoni, alijisogeza akanipa nafasi.

Fikiria, dada. Mji wote huu, maduka yote yale yanayofungwa na kupakwa rangi upya, na hakuna aliyewahi kukaa pale akasema nimeshindwa.

Nikakaa. Nilipoinua macho nikaona mwavuli umening'inizwa kwenye chuma cha dirisha, juu ya viti vya talaka. Mpini wake umezungushiwa kitambaa cha gunia la unga. Mshono ule ni wangu. Shemeji yako aliniambia mwavuli ule ulimpotea kinuni.

Sikumbuki niliitwa vipi. Nilipomtajia wakili jina la tanuri letu, alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Akasema hawezi kunisimamia, na sababu hawezi kunipa, ndivyo kazi yake ilivyo. Akanishauri nitafute wakili katika mji mwingine. Nikamwambia asihangaike, sababu nimeshaiona imening'inia dirishani. Niliuchukua ule mwavuli mbele ya watu wote, nikatembea nao kwenye jua kali bila kuufungua. Nadhani hapo ndipo maneno yalipoanza safari ya kuja kwako.

Sitakuficha, siku zilizofuata nilikuwa mtu mbaya. Nilikuwa na hakika kuna mwanamke. Nilimshuku muuza mayai, maskini, mama mwenye wajukuu. Nilianza hata kuangalia viatu vyake kama ni vipya. Nikisali, maneno yanakwenda juu na hasira inabaki kifuani. Halafu mzee naye alikuwa amebadilika nyumbani. Mara chai haina sukari, mara nguo haikupigwa pasi, mara napumua kwa kelele. Mtu aliyekula mapishi yangu miaka yote bila hata kuomba chumvi!

Mwishowe niliuning'iniza mwavuli kwenye msumari wake, pale mlangoni pa tanuri. Akaja na trei mikononi, akauona. Akaziweka trei chini taratibu. Akauliza nani kauleta. Nikamjibu kwamba nimeukuta alipouacha, kwa watu wa talaka.

Alikung'uta unga mikononi muda mrefu, hata baada ya unga kwisha. Kisha akakaa juu ya gunia na kunieleza, na haya, dada yangu, sijamweleza mtu mwingine, hata mchungaji.

Hakuna mwanamke. Mikopo yote aliweka sahihi yeye peke yake. Kichwani mwake alipiga hesabu kwamba akiniacha mapema, nyumba ikaandikwa kuwa haki yangu ya talaka, basi wadai wakija watamkuta yeye tu na suruali yake. Mimi nitabaki na paa. Alijua akinieleza nitakataa. Kwa hiyo alitaka kwanza nimchoke, nimchukie kidogo, ili siku ya kuachana nisilie. Zile kelele zote za chai alikuwa anajifunza kuwa mume mbaya.

Na mimi, dada, nilikuwa naongeza sukari tu.

Tulilia pale kwenye magunia mpaka mikate ikaungua, na ilikuwa imebaki michache ya kuungua. Nilimwambia kama ni kukosa paa, tutalikosa wawili.

Tukaenda mji wa pili, kwa wakili mmoja wa kike, kijana, hatujuani naye wala ukoo wake. Mlangoni nikamuuliza karani watu wa kufilisika wanakaa wapi. Akashangaa, akasema kaeni popote, mama. Tukakaa benchi moja, mzee kanishika mkono mbele za watu, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya harusi. Wakili alitusikiliza, kisha akatueleza ukweli bila kuupaka asali. Talaka ya namna ile isingetusaidia, mahakama ingeichungulia na kukiona kilichomo ndani. Na nyumba itakwenda. Tungeachana bure, dada. Tungeachana, na paa tungelikosa vilevile.

Basi imekwenda. Tanuri limechukuliwa, meza, mizani, na trei ambazo mzee alizisugua zikang'aa kabla hawajaja kuzibeba, kana kwamba zinaolewa. Sasa tumepanga chumba nyuma ya fundi wa matairi. Juzi nimenunua mkate dukani, mara ya kwanza tangu niolewe. Mzee aliubonyeza kwa kidole, akasema haukupewa muda wa kuumuka. Kisha akaula wote.

Hafanyi kazi yoyote kwa sasa. Mchana hujilaza, na usingizi ukimchukua mikono yake inaanza kukanda shuka. Anakunja, anasukuma, anageuza. Mimi hukaa pembeni na kushona, nisimwamshe. Naona kama akiwa kule bado ana kazi.

Kwa hiyo usimchukie, nakuomba kwa jina la mama yetu. Na kile chumba ulichoniambia, kama bado kipo, nakihitaji. Ila ulikiandaa kwa mtu mmoja. Nauliza kama kitanda kinaweza kutosha wawili.

Mzee wangu anakusalimu sana. Hajui nimekuandikia haya. Akikuuliza, sema nilikuandikia habari za afya. Paka ile dawa ya mgongo, dada. Mungu akutunze wewe na nyumba yako.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda,

Mama Mikate, maana hapa bado wananiita hivyo.