Vidonge Vilivyochanganywa Kofiani

Nyumbani,
Jumapili, tarehe 14

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zetu sote. Natumaini wewe na wifi mu wazima, na kikohozi cha mtoto kimetulia. Mimi sijambo. Mgongo unalalamika kwa kupanga makopo ya rangi stoo, lakini huo ni wa kazini, hauhesabiki kuwa ugonjwa. Baba naye, ukimuuliza, yuko imara. Ukiuliza kuhusu mguu wake utapata jibu jingine, ndiyo maana nakuandikia badala ya kupiga simu. Kwenye simu Baba hukaa kando yangu akinisahihisha.

Ujumbe wako wa Ijumaa nimeupata. Umesema nimemtupa mzee kwa madaktari kama mzigo. Nimeusoma, nikaweka simu chini, nikaenda kufua. Nilifua hata mapazia ambayo hayakuwa machafu. Sasa nimepoa kidogo, kwa hiyo kaa kitako nikueleze kwa mpangilio. Ulichosikia ni maneno ya upande mmoja, na mwenye maneno unamjua: ni Baba, na kinyozi yule hajawahi kusimulia jambo bila kulinyoa na kulipaka poda.

Ulipotutembelea mara ya mwisho, Baba alikuwa tayari anasimamasimama njiani. Akifika duka la viatu anatazama viatu. Akifika kwenye ukuta wa matangazo anayasoma yote, hata ya mashine za kusaga. Tulidhani ni udadisi wa uzee. Kumbe shavu la mguu lilikuwa linambana kama limefungwa kamba, na akipumzika kidogo linaachia. Hospitali walitueleza kwamba mishipa inayopeleka damu miguuni imezibaziba kwa ndani, kama bomba lililoota kutu, na kwamba sigara zimechangia sana. Sigara ameacha. Yaani, anasema ameacha. Mimi nanusa mashati na kunyamaza.

Wakamwomba aingie kwenye utafiti wa dawa mpya, ambayo wanatarajia imsaidie mgonjwa wa aina yake kutembea mbali zaidi kabla maumivu hayajamkamata. Daktari wa utafiti, mama mmoja mpole mwenye miwani inayoning'inia shingoni, alitueleza taratibu. Wagonjwa wamegawanywa mafungu mawili kama kwa kura. Fungu moja linameza dawa, la pili linameza vidonge vinavyofanana navyo ambavyo havina dawa ndani, na hata yeye mwenyewe hajui nani ana nini mpaka utafiti uishe. Kila baada ya muda wanapimwa msukumo wa damu mkononi na kwenye kifundo cha mguu, kisha wanatembezwa ukumbini mpaka washindwe. Baba aliitikia kila neno, akatia sahihi. Tulipotoka nje, akaniuliza ni nani anayemnyoa mume wa yule daktari, kwa sababu mwanamke mwangalifu hivyo hawezi kuwa na mume mwenye nywele ovyo. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka kwamba hakuwa amesikiliza.

Nje ya kliniki kuna benchi la zege wanaposubiri wagonjwa wa utafiti. Hapo Baba alikutana na mwashi mstaafu ambaye kila mtu humwita Saruji, wakawa chanda na pete. Saruji humwambia kwamba ukinyozi ni kazi ya mtu anayeogopa jua. Baba humjibu kuwa nyumba alizojenga zimesimama kwa sababu tu panya wamezishikilia. Tangu Mama atutoke sikuwa nimemsikia Baba akicheka hivyo, na nikashukuru.

Sasa sikia walichofanya. Saruji alianza kutembea vizuri, Baba hakubadilika. Wakaketi kikao na wenzao wa benchi, wakakata shauri kwamba Saruji ana dawa na Baba ana chaki. Na Baba, ambaye dukani kwake hajawahi kumruhusu hata tajiri kuruka foleni, akasema haiwezekani watu wa ugonjwa mmoja, huyu ale nyama na yule alambe mfupa. Basi kila siku ya kuchukua vidonge, walimimina vya wote kwenye kofia ya Baba, wakavikoroga kwa mkono na kugawana sawasawa. Kwa upendo kabisa! Hakuna aliyenung'unika, hata bibi mmoja aliyekuwa ameanza kupata nafuu.

Niligundua siku nilipofika mapema kumchukua. Njiani Baba alinieleza kwa fahari, kama mtu aliyesuluhisha ugomvi wa mirathi. Nilimwambia wanaweza kudhurika. Nilimwambia pia kwamba wote wakimeza mchanganyiko, dawa nzuri itaonekana haifanyi kazi, itatupwa, na wagonjwa wasio na hatia wataikosa. Alinijibu kwamba sekondari ilinifundisha hesabu ikasahau kunifundisha utu. Kaka, nilitamani kukaa chini katikati ya barabara.

Nilinyamaza, nikitumaini wataacha wenyewe. Halafu nikaona Baba anafua soksi zake. Baba! Mtu ambaye hajui sabuni inakaa wapi. Nilipomvizia, nikakuta kidole kidogo cha mguu kimekuwa cheusi pembeni na kina kidonda kisichokauka. Alikuwa anakipaka shabu, kama vile amemkata mteja kwa wembe. Akanisihi nisiseme. Mwenye kidonda hutolewa kwenye utafiti na kupelekwa kwa mpasuaji, na kwa akili ya Baba mpasuaji kazi yake ni moja tu, kukata. Siku ya kipimo ilikuwa bado mbali, na yeye aliamini kidonda kitapona kabla.

Alhamisi iliyopita daktari aliwaita wote wa benchi. Habari ya kofia alikuwa nayo. Hakufoka. Aliwaambia amesikitika, vidonge virudishwe, na kabla ya kuondoka kila mmoja avue viatu akaguliwe. Kidole kikaonekana. Siku hiyohiyo mpasuaji akamwona Baba, akasema mshipa wa pajani umekaribia kuziba kabisa. Wanaweza kupitisha mrija mwembamba kutokea kwenye kinena na kuupanua kwa puto dogo, ili damu ifike chini. Hakutuahidi kitu. Alisema tu kwamba tukichelewa, tutazungumzia kukata, na hatutazungumzia kidole peke yake. Nafasi ipo Alhamisi hii.

Baba amekataa. Na kwa nini amekataa? Kwa sababu alikupigia simu, nawe ukamwambia asikubali mtu amguse mpaka uje, na kuja kwako ni mwezi ujao. Sasa neno hilo amelifanya kiapo. Mimi namwosha kidonda, mimi nakaa foleni, mimi naomba ruhusa kazini mpaka msimamizi ananiona kero, lakini nikifungua mdomo Baba ananiambia mwanawe mkubwa amekataa. Simu moja tu, kaka, na uliipokea ukiwa unakula; Baba alikuweka kwenye spika, nilisikia ukitafuna.

Isitoshe, ameamua kwamba aliyewachongea ni Saruji. Juzi mzee wa watu alikuja kumjulia hali, na Baba akageukia ukutani mpaka mgeni alipoondoka.

Kaka, si Saruji. Ni mimi. Jumatano mchana, wakati wa mapumziko, nilikwenda kwa daktari nikamweleza habari ya kofia na ya kidole, yote mawili, nikamwomba asinitaje. Hata hilo la kuvua viatu niliomba mimi. Silijutii. Kinachoniuma ni kwamba nimemnyang'anya Baba benchi lake, na lawama amebeba mtu mwingine. Jana nilimfuata Saruji nikamweleza ukweli. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema nimwache kinyozi amchukie hadi atoke chumba cha upasuaji, maana mzee mwenye hasira hafi kirahisi, na urafiki wake atakuja kuudai baadaye. Nimekubali shingo upande.

Barua hii anakuletea jirani anayesafiri kesho, itakufikia Jumanne. Ukimaliza kuisoma, mpigie Baba. Usianze na pole, wala usimuulize hali ya hewa. Mwambie ulikosea na kwamba akubali. Mimi nikisema ni kelele za kitindamimba, wewe ukisema ni sheria. Ukitaka kumwambia kwamba ni mimi niliyemchongea, mwambie, nitastahimili atakavyoninunia. Lakini anza na la mguu. La kwangu lingoje mpaka aseme ndiyo.

Nisalimie wifi, na watoto waambie shangazi yao anawakumbuka. Ukishampigia, usihangaike kunijulisha alivyojibu. Ukuta kati ya chumba chake na changu ni mwembamba, nitakuwa upande wa pili nimesimama nikisikiliza.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, ingawa leo si sana,

Kitindamimba