Sikio la Nakhumicha Limejibu

Nyumba za Jericho,
Nairobi.
14 Februari 1999

Mpendwa kaka Luseno,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Je, baridi ya huko imepungua? Na kile kikohozi cha wifi Shiru, kimeisha? Sisi huku tu wazima, Mungu ametushikilia. Mama aliumwa na mgongo Januari, lakini sasa anateremka sokoni mwenyewe na kubishana na wauza mboga kama kawaida yake.

Najua unangojea habari za mpwa wako. Tangu turudi kutoka kwenu baada ya ule upasuaji wa kumpandikizia mashine ya kusikia sikioni, sikuwa na la kukufurahisha, ndiyo maana nilinyamaza.

Kila nilipomvalisha Nakhumicha kifaa chake nyuma ya sikio na kukiwasha, alipiga mayowe na kuking'oa. Jirani mmoja aliniuliza kama ninamtesa. Mume wangu Shiundu alivumilia, lakini jioni moja alimpakata mtoto akaniambia, "Mideva, tumwache tu. Hata baada ya ile homa ya uti wa mgongo kumziba masikio, alikuwa bado anacheka. Hii mashine ndiyo imemnyima raha." Nilikifunga kile kifaa kwa kitambaa, nikakiweka juu ya kabati, nikalia.

Daktari wake wa masikio, Gachanja, ndiye aliyenitia moyo. Alitupeleka kwa Bwana Mativo, mtaalamu wa vifaa vya kusikia aliyekuwa amepata mashine mpya ya kupima. Nakhumicha alilala kifuani pangu, akaunganishwa na kompyuta. Kaka, hakuulizwa neno lolote! Kile kilichopandikizwa sikioni kilitekenya mshipa wa kusikia kidogo kidogo, na mshipa wenyewe ukajibu kwa alama kwenye kioo.

Mativo alizitazama zile alama, akaniambia polepole, "Mama, huyu si mkaidi. Mshipa wake unajibu hata tukiugusa kidogo tu. Kwa jinsi sauti ya kifaa ilivyowekwa juu, mlango ukifungwa ni kama anapigwa kofi."

"Kwa hivyo huko alikopasuliwa walikosea?"

"Hapana. Walikisia kwa kumtazama uso. Mtoto wa miaka mitatu angewaambia nini?"

Akampangia sauti upya, kuanzia chini, zile alama zikimwongoza. Alipokiwasha kifaa, Nakhumicha alikodoa macho. Hakulia. Nililia mimi.

Jumamosi Shiundu alikuwa mlangoni akimalizia viatu vya akala, vile vya matairi, vya kupeleka soko la Kariokor. Nakhumicha akaja kuchuchumaa karibu na baba yake. Nyundo ilipogonga msumari, alipepesa macho. Kisha akasema, "Ta." Nyundo tena, naye, "Ta." Shiundu akageuka kunitazama, nyundo ikabaki hewani. Mtoto akangoja, akaona kimya, akasema peke yake, "Ta!" Papo hapo akashtuka, akajishika mdomo. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, kaka, ambayo hakuwa ameisikia tangu augue. Akaijaribu tena. Akacheka.

Shiundu aliishusha nyundo. Alifuta macho kwa mkono wa shati, akachukua msumari mwingine, akaugonga taratibu ili binti yake aendelee.

Nisalimie sana wifi Shiru na mwanenu Wahome mdogo. Mama anawaombea kila asubuhi, na Shiundu anasema mkono wako alioushika huko kwa shukrani, bado anaushika. Mungu aijaze nyumba yenu amani.

Ni mimi dada yako, nikupendaye bila kuchoka,

Mideva