Mafuta ya Safari za Kamuli

Jumatatu, 1 Julai
Nimechelewa kufungua duka. Nilikuwa nafuta masizi ukutani, tena. Kila asubuhi mume wangu Hamisi akiwasha gari, moshi mweusi unapiga ukuta wa baraza kama wa jiko la kuni. Vitenge vya mlangoni vinanuka. Tangi lilijazwa Ijumaa. Kafika shambani Kamuli mara mbili tu, leo taa ya mafuta inawaka. Sielewi.

Jumatano, 3 Julai
Fundi wa karibu na stendi kabadilisha plagi zote nne. Za zamani zilikuwa nyeusi, kavu, masizi matupu. Kasema zimechoka. Nimeamini.

Ijumaa, 5 Julai
Plagi mpya nazo nyeusi. Sasa anasema ringi za pistoni zimekwisha, injini ifunguliwe. Mbona oili haipungui? Napima kijiti mwenyewe kila wiki. Na oili ikiungua moshi huwa wa bluu, hilo hata mimi nalijua. Baba yangu aliendesha lori Tanga maisha yake yote. Fundi akacheka: "Mama, we uza vitenge." Nimeondoa gari langu.

Jumapili, 7 Julai
Hamisi kaondoka saa moja asubuhi, karudi magharibi. Tangi nililojaza jana liko karibu tupu. Anasema alikuwa shambani tu, kwenye migomba.
Mke wake wa kwanza anaishi Bugomora. Kamuli na Bugomora ni wilaya moja. Waliachana kabla sijamjua, na sijawahi kumwogopa yule mama. Leo namwogopa.

Jumanne, 9 Julai
Nimesema. Kwa hasira, tena mbele ya wifi yangu Zuhura, ndilo baya zaidi.
"Baba Rehema, mafuta yetu yanaishia Bugomora."
Akaingiza mkono mfukoni. "Mama Rehema. Miaka kumi na tisa."
Basi. Kaweka ufunguo wa gari mezani, katoka. Kahamia chumba cha binti yetu Rehema, ambaye yuko shule ya bweni.

Alhamisi, 11 Julai
Hamisi kaenda Kamuli kwa bodaboda. Ukungu mzito, baridi. Karudi anakohoa. Gari haligusi. Hasira imenipanda upya. Kama huna hatia, unasusa nini?

Jumamosi, 13 Julai
Nimejaza tangi, nikaendesha mwenyewe hadi Nyakakika kumpelekea bibi harusi vitenge. Nikarudi moja kwa moja. Sikupita popote.
Mshale wa mafuta umeshuka vilevile.
Nilibaki nimekaa kwenye gari, masikio yanawaka kwa aibu. Hakuna Bugomora. Gari ndilo linakula.

Jumatatu, 15 Julai
Fundi mwingine, mzee Nestori, familia yake ilitoka Rwanda. Hakushika spana. Baada ya shikamoo kaniomba tuzunguke naye nusu saa, halafu kaonyesha mshale wa joto. Ulikuwa chini kabisa.
"Injini yako haipati joto, mama. Gari linadhani ndiyo kwanza limewashwa, kwa hiyo linajimwagia mafuta mengi. Yasiyoungua vizuri ndiyo moshi wako huo."
Akafungua mpira wa rejeta. Panapokaa thamostati, kile kidude kinachozuia maji mpaka injini ipate moto, palikuwa patupu.
"Nani aliitoa?"
Mwaka jana gari lilichemsha mlimani. Thamostati ilikuwa imeganda, fundi wa njiani akaitoa. Hamisi alitaka tusubiri tupate mpya. Mimi ndiye niliyesema iache, twende, tunachelewa. Tukasahau.
Mimi.

Jumatano, 17 Julai
Thamostati imefika kutoka Bukoba. Nestori kaifunga, kasafisha plagi. Mshale wa joto unapanda hadi katikati, unatulia. Moshi hakuna. Sina furaha yoyote.
Nilimwita Zuhura asikie, kwa kuwa matusi aliyasikia. Nikamweleza Hamisi yote, hata lile la tunachelewa. Nikaomba radhi.
"Nimesikia," akasema. Akaendelea kuchambua maharage.

Jumapili, 21 Julai
Nimeomba kwenda naye Kamuli. Kaendesha yeye.
Nilikuwa sijafika shambani miaka mingi. Nilikuta kafungua kipande kipya, migomba imesimama vizuri. Kumbe ndiko siku zake zilikokuwa zinaishia. Kanipa panga, kanionyesha chipukizi za kupunguza, moja ya kubaki kila shina.
Nikakata iliyotakiwa kubaki.
Akaiokota, akaigeuza mkononi. "Hii ilikuwa nzuri."
Nikasubiri. Akafunika shina kwa majani makavu, akasogea kwenye mgomba wa pili.
"Haya, njoo. Anza na huu."
Nikaenda.