Zamu ya Mchana

3 Februari

Mwanangu mwanasheria,

Sisi wazima, ila macho yananiwasha kwa moto wa kuchomelea. Kifua chako kimepoa?

Nina swali linanikereketa. Mdogo wako kahamishiwa zamu ya mchana. Nilipita shuleni nikachungulia: mchana ni watoto wa mtaa wetu wa chini watupu. Wa mtaa wa juu husoma asubuhi, kungali na ubaridi, na maabara iko wazi. Wetu wakifika, kufuli. Mwalimu mkuu kaniambia, "Ndio utaratibu, mzee." Utaratibu wa nani? Sheria hiyo ipo?

Baba yako

11 Februari

Shikamoo baba,

Kifua kimepona. Nimepekua sheria ya elimu mpaka shingo ikakakamaa. Haipo. Inataka kila mtoto ahudumiwe sawa na mwenzake. Ila usiende peke yako, watakuzungusha. Ongea na wazazi, hata wa mtaa wa juu.

Binti yako

29 Machi

Mwanangu,

Hatujambo. Sikukususa, nilikuwa mikutanoni! Tulikutana karakanani kwangu. Akaja muuguzi mmoja wa mtaa wa juu, tukamtazama kwa jicho la pembeni. Akasema, "Sisi tuliambiwa mchana mliuomba wenyewe." Nasi tuliambiwa wao ndio waliodai asubuhi! Kumbe wote tulidanganywa. Tumekwenda pamoja ofisi ya elimu, wametupiga kalenda. Sasa?

Baba yako

4 Aprili

Shikamoo baba,

Sasa mahakamani. Mwenzangu wa huko atawasimamia. Muuguzi yuko tayari kulalamika pamoja nawe? Majirani zake watamnunia.

Binti yako

20 Julai

Mwanangu,

Mama yako anakusalimu, mzima. Muuguzi alikubali, na kweli wengine hawamwamkii tena. Lakini sikia: hakimu alikuja shuleni mwenyewe, mchana, akaketi dawati moja na mdogo wako, jasho likimtiririka. Akauliza, "Maabara ina nini ndani?" Mdogo wako akajibu, "Sijui, mheshimiwa. Huwa tunachungulia dirishani."

Ameamuru mitaa yote ichanganywe, zamu zibadilishane kila muhula, na maabara ifunguliwe kutwa.

Jana mdogo wako kaingia humo mara ya kwanza. Karudi ananuka siki, hata viatu hajavua, anaeleza huku akirusha mikono, maji yamegeuka rangi, sijui mvuke umefanyaje. Sikuelewa hata nusu. Nilizima mashine, nikamwambia aanze tena mwanzo, polepole.

Baba yako