Radhi ya Donatien

Kartie Kasenga, Uvira
Tarehe 9 Mei 2024

Mpendwa mudogo wangu Félicité,

Mimi kaka yako Swedi nimetimiza miaka sabini na nane, na akitokea wa kukuambia ni themanini na kitu, huyo ana wivu. Nimezika wake wawili, Mungu awarehemu. Katika pesa za nchi hii nimeishi kuliko makuta, nimeishi kuliko zaire, na ile zaire mpya nayo niliiona ikija na nikaiona ikienda. Yule dokta aliyenikataza nyama nyekundu tulimzika sisi, na matanga yake ng'ombe nilichinja mimi. Ziwa limeingia mpaka chumbani kwangu na limetoka, mimi bado niko. Kwa hiyo ukisema nimezeeka mno kwenda Maka, jua kwanza unamsema nani.

Hujambo mudogo wangu? Presha yako imeshuka? Huko Lubumbashi najua baridi inaanza, ujifunike, usijifanye kijana. Shemeji Eugène na mguu wake wanaendeleaje? Huku sisi hatujambo. Maji ya ziwa yamepanda tena mwaka huu, waliojenga chini wamehama, lakini kwetu yameishia kwenye miguu ya mihogo. Tunashukuru.

Barua hii naandika kwa mkono wangu. Annie alitaka kunisaidia nikamkataza, maana huyu binti yangu akiandika anapunguza maneno, ananitoa kama muntu mupole. Simu nayo siitaki. Kwenye simu wewe unaanza kulia, unité za simu zinaisha, mimi nabaki nimenyamazishwa. Barua huwezi kuikatiza. Keti uisome yote.

Pasiporo imetoka, viza imetoka. Sindano nimechomwa zote. Yule nesi alinishika mkono kwa huruma akaniuliza, "Mzee, unaogopa?" Nikamwambia, mama, nimelaza madume ya ng'ombe chini tangu baba yako hajaoa, nitaogopa kasindano? Akacheka, akanichoma vibaya kwa sababu ya kucheka. Nauli wametoa watoto, nami nimeongeza kwa kuuza shamba la baba kule Katogota. La mama sijaligusa, liko lako. Wewe ulifuata msalaba wa mama, mimi nilifuata msikiti wa baba, na hatujawahi kugombana kwa hilo, hatutaanza leo.

Kufunga mizigo ndiko kumeleta kelele ndani ya nyumba. Annie ananipakia kama ninakwenda kufungua duka. Ametia unga wa muhogo, ametia ndagala kavu, ametia kidumu cha mawese, na hicho kidumu shehe wetu, Shehe Mutoka, anayeongoza msafara wetu wa hija, amekitoa nje kwa mkono wake, akasema mawese yakimwagika kwenye nguo nyeupe za watu katika ndege tutarudishwa wote. Dawa zangu ziko, kandambili ziko, sabuni ya kipande isiyo na harufu iko, maana ukishavaa nguo za hija manukato ni marufuku. Na ndani kabisa nilikuwa nimeweka kifuko cha mawe. Nilisikia kule kuna fasi ya kumpiga shetani mawe, nami nikashuka mwenyewe mtoni Mulongwe nikachagua mazuri, ya mviringo, yanayokaa mkononi. Annie aliinua valizi, haikuinuka. Shehe alipoyaona alikaa chini kwanza. "Mzee Swedi, mawe yako kule kule, yanaokotwa kule." Nikamwambia ya Mulongwe ni mazito zaidi. Akasema shetani hapigwi kwa kilo. Basi, nimeyarudisha, ingawa bado naona ni hasara.

Sasa ngoja nikueleze jambo lililonifanya nikuandikie.

Kwetu sisi, muntu akienda kuhiji anapita kwanza kwa watu kuomba radhi. Ndugu, jirani, uliyefanya naye kazi, awe Mwislamu au asiwe, unasimama mbele yake unamwambia: kama nilikukosea kwa neno au kwa kitendo, nisamehe, naenda kwa Mungu. Nimepita Kasenga yote. Nimepita soko la nyama, meza kwa meza. Gloriose, yule muuza majani ya sombe, alisema mbele ya watu, "Nimekusamehe, baba, hata ile mifupa uliyokuwa unanitilia kwenye kilo." Soko lote likacheka. Mimi nikasema mifupa ni ya supu, mwenye akili anashukuru. Lakini amenisamehe.

Mmoja tu amekataa. Donatien.

Donatien unamjua. Yule wa Rurambo, yeye akishusha ng'ombe kutoka milimani, mimi nachinja, tangu wewe hujaolewa. Kule juu kulipoharibika kwa vita alishuka na mkewe Amandine, akajenga nyuma ya nyumba yangu. Anasali kanisani, mimi msikitini, na jioni tunakaa kwenye kiti kile kile kirefu tukibishana. Nilidhani kwake nitapita kama mlangoni kwangu. Nikamsomea maneno yangu vizuri. Akaniangalia, akasema, "Miye sikusamehe."

"Unacheza?"

"Sichezi. Sikusamehe."

"Nimekukosea nini?"

"Utakijua siku utarudi."

Félicité, nilirudi nyumbani damu ikichemka. Siku ile sikula. Nilianza kutafuta kichwani: nimemfanyia nini muntu huyu? Kesho yake nikaenda tena. Nikamwambia, kama ni yule dume wako niliyemwita mifupa mitupu mbele ya wateja, nisamehe. Akasema, "Yule nilikuwa nimeshamusahau. Sasa umenikumbusha, naye anaongezeka." Nikamwambia, kama ni mabinti zako niliowacheka mahari yao ilipochelewa, nisamehe. Akasema, "Kumbe ulicheka?" Ikawa kila nikitubu, deni linakua. Nikaacha kutubu.

Nikamleta Shehe Mutoka. Mbele yake Donatien alisema hana neno lolote na mimi, hajaibiwa, hajatukanwa, lakini radhi hatoi. Shehe akaniambia njiani, mzee, umeomba kwa moyo safi, huyu hana dai, inatosha, funga valizi yako. Nikamjibu, shehe, kwako inatosha, kwangu haitoshi. Mimi nimechinja maisha yangu yote, sijawahi kuacha kisu katikati ya shingo. Siendi Maka na mdomo wa Donatien umefungwa. Kama hanifungulii, pasiporo naichoma.

Annie alipiga kelele, akasema watoto wametoa pesa zao kwa jasho, wewe unataka kuzichoma kwa sababu ya mzee mwenzako mwenye kiburi. Nilimwambia ndiyo. Unanijua, mudogo wangu. Nilishasema, na nikishasema nimesema. Lakini moyoni niliona kweli safari inaponyoka, na mwaka ujao kwa umri wangu si wa kuahidiwa na muntu.

Aliyeniokoa ni Amandine. Alikuja kuchota maji kwenye robine yetu, akaweka ndoo chini, akaniambia kama anavyoambiwa kaka mkubwa, "Yaya Swedi, usimkasirikie. Huyu anaogopa."

"Anaogopa nini? Naenda mimi, haendi yeye."

Akanikumbusha Luc, mdogo wake Donatien. Luc alipopelekwa hospitali Bukavu, kabla ya kupanda gari alipita kwa kila muntu, akarudisha vya watu, akaomba msamaha, akamaliza maneno yote. Wa mwisho kumsamehe alikuwa Donatien. Luc akarudi ndani ya sanduku. Tangu siku ile, Amandine akasema, mume wake ana neno moja: ng'ombe ukimfungua kamba zote asubuhi, jioni usimtafute. "Amekuachia kamba moja, yaya. Ndiyo hiyo anaishika."

Nilikaa pale kwenye robine mpaka ndoo yake ikajaa ikamwagika. Nilidhani sisi ni watu wa biashara ya ng'ombe tu. Kumbe kuna muntu ambaye si wa tumbo letu ananikataza kufa.

Siku ya pili yake nilikuwa uani najifunza kufunga zile shuka. Wewe hujaziona: ni shuka mbili nyeupe, hazikushonwa, moja kiunoni moja begani, na ndizo nguo za kila mwanaume kule, tajiri kwa maskini. Nikafunga ya chini vizuri, nikatembea kwa madaha kumwonyesha Annie. Nilipofika katikati ya uwanja ikashuka yote mpaka miguuni. Nilikuwa na kaptula, msiongeze maneno. Nikasikia kicheko nyuma ya ukuta, kicheko kile cha kukohoa. Donatien alikuwa amesimama anaangalia.

"Swedi! Unaenda kuonyesha Waarabu matako ya Uvira?"

"Ingia ndani ucheke vizuri. Amandine ameniambia yote."

Kicheko kikakatika. Akaingia polepole, akatafuta fasi ya kukaa, akamlaumu mkewe kwamba mdomo wake hauna mlango. Mimi nikasimama mbele yake na shuka mkononi. Nikamwambia, Donatien, nikikuahidi kwamba nitarudi nitakuwa muongo, roho si yangu, ni ya mwenyewe. Lakini ukininyima radhi siendi, na nisipokwenda nitakufa hapa hapa nyuma ya nyumba yako kwa hasira, na utanisikia.

Donatien akasimama, akaanza kufungua mkanda wa suruali yake. Ule mpana, wa ngozi ya dume jekundu la Rurambo, alioukata mwenyewe. Nikadhani anataka kunipiga. Akaniletea.

"Huu si zawadi," akasema. "Sikupi. Nakuazima. Utafungia hilo shuka lako. Na utaurudisha weye mwenyewe, kwa mukono wako. Usimupe muntu mwingine akuletee. Nikiletewa na muntu mwingine sipokei."

"Na radhi?"

"Radhi nimekupa, kwa moyo wote, hata ya yule dume na ya mabinti. Lakini mkanda ni wangu."

Hatukungoja. Tulikwenda wote wawili kwa Shehe Mutoka, yeye ameshika suruali yake kwa mkono, mimi nimeshika mkanda, kumuuliza kama hija yangu inaharibika. Shehe akasema mkanda juu ya zile shuka unaruhusiwa, na kitu cha kuazimwa, mwenyewe akiridhika, hakimzuii msafiri. Akamwangalia Donatien akasema, "Lakini wewe mzee, una akili ya mwanasheria." Donatien akajibu, "Mimi ni muchungaji wa ng'ombe."

Tumbo lake na langu si sawa, mkanda unanizunguka karibu mara mbili. Nilitaka kutoboa tundu jipya kwa ncha ya kisu, akapiga kelele kama nimeshika mtoto wake: "Usitoboe!" Basi naukunja, nafunga na kamba juu, shuka inakaa kama imepigwa misumari. Nimetembea nayo mpaka msikitini na kurudi, vijana wamenipigia makofi.

Na yeye sasa anafunga suruali kwa kamba ya nailoni ya bluu. Mwanawe amemnunulia mkanda mpya, yeye ameutia chini ya kitanda. Jumapili amekwenda misa na kamba ile. Padri akamuuliza mlangoni, mzee, imekuwaje? Akajibu kwa sauti, kanisa lote lisikie: "Mukanda wangu unaenda Maka." Mpaka sasa anatembea hivyo, kifua mbele, utadhani ni yeye anayekwenda kuhiji.

Basi, mudogo wangu, imebaki yako. Annie ameniambia ulivyosema kwenye simu, kwamba hunipi ruhusa na kwamba ukisikia nimepanda ndege utavaa nyeusi. Usivae. Tumebaki wawili tu wa tumbo lile. Sikumbuki nililokukosea, na kama lipo lilikuwa na sababu, lakini nakuomba kama nilivyowaomba wengine: nisamehe, naenda kwa Mungu. Tutavuka mpaka wa Kavimvira kuingia Burundi mwisho wa mwezi huu, ndege tutapandia Bujumbura.

Na kama nawe unaogopa kama Donatien, sikuoni mjinga. Kuna mfanyabiashara wa huko Lubumbashi anayekuja Uvira juma lijalo, Annie atakupa namba yake. Mpe kitu chako aniletee. Kitambaa cha kichwa, kikombe, chochote, kisiwe kizito maana valizi imejaa. Usinipe kabisa, niazime. Nitakibeba mpaka Maka na nitakirudisha mwenyewe mpaka mlangoni kwako, pamoja na kwamba niliapa baridi ya Lubumbashi haitaniona tena. Mimi sijawahi kulala na kitu cha muntu. Nitarudi, Mungu akipenda, na naona atapenda.

Nisalimie shemeji Eugène, mwambie mguu upakwe mafuta ya ng'ombe, asipake yale ya chupa. Nisalimie mwanao Ninahazwe na watoto wake, na mama Havyarimana, jirani yako aliyenipa kuku. Amandine anakusalimia, Annie anakusalimia, Donatien naye, akiwa ameshika kamba yake. Mungu wa baba na wa mama, aliye mmoja, akufunike kwa afya, akulinde mpaka nifike.

Ni mimi ninayekupenda tangu nilipokubeba mgongoni kuvuka Ruzizi ukanikojolea,
kaka yako Swedi Hatungimana.

Ukiona nimetia chumvi, waulize. Shehe Mutoka alikuwepo kwa mawe na kwa mkanda. Annie aliona shuka ikianguka, na kaptula aliiona pia. Amandine ndiye aliyeniambia mambo ya Luc, hana uongo yule mama. Padri na kanisa lake lote wameiona kamba ya bluu. Donatien peke yake usimuulize, atakuambia kwamba kuhiji ni wazo lake.